Kucheza "The Bells" Mombasa: shajara ya jukwaa, Julai hadi Desemba

Shajara hii ni ya yeyote anayetaka kuandaa melodrama, yaani mchezo wenye muziki chini ya maneno, ya zama za Malkia Victoria kwenye ukumbi mdogo, kwa fedha za kuchangishana. Mimi ndiye msimamizi wa jukwaa. Mambo ambayo kila kundi linayajua nimeyapitia haraka. Yaliyotusumbua nimeyaeleza kwa urefu, pamoja na bei zake.

6 Julai: Mchezo umechaguliwa

Tumekubaliana kucheza *The Bells* wa Leopold Lewis. Kwa Kiswahili utaitwa *Njuga*. Ulifunguliwa tarehe 25 Novemba 1871 katika ukumbi wa Lyceum, London, wakati meneja wake, Bateman, alikuwa akipata hasara msimu mzima. Mchezo huo ndio uliomwokoa, na ndio uliompa mwigizaji Henry Irving jina. Ulichezwa usiku 151 mfululizo, na Irving hakuuacha hadi mwaka 1905, mwaka aliofariki. Lewis aliutoa kwenye mchezo wa Kifaransa wa Erckmann na Chatrian. Wote watatu walifariki kabla ya mwaka 1900, kwa hiyo hakuna haki za kulipia, na tafsiri tunafanya wenyewe.

Kisa ni hiki. Mkesha wa Krismasi mwaka 1818, katika kijiji kimoja cha Alsace, mashariki mwa Ufaransa, msafiri Myahudi kutoka Poland anaingia kwenye nyumba ya wageni kuikimbia baridi. Ana mkanda uliojaa dhahabu. Mathias, mwenye nyumba ile, ana madeni. Anamfuata msafiri njiani, anamuua, anachukua mkanda na kuuchoma mwili ndani ya tanuri la chokaa. Miaka 15 baadaye Mathias ni meya, tajiri, anaheshimiwa, na binti yake Annette anakaribia kuolewa na Christian, mkuu wa askari wa pale kijijini. Hakuna anayemshuku. Lakini anasikia njuga za farasi wa yule msafiri, na ni yeye tu anayezisikia. Yeye na watazamaji.

Tulifikiria pia *Under the Gaslight* wa Augustin Daly, wa mwaka 1867, ule wa mtu aliyefungwa kwenye reli huku treni ikija. Mji wetu ni mji wa reli, na wengi walilipenda wazo hilo. Tuliliacha kwa sababu ya treni yenyewe: hatuna nafasi ya kuipitisha jukwaani, na treni ya maboksi ingeua mchezo.

Mwenzetu mmoja aliuliza swali la haki, na nalijibu hapa kwa sababu litaulizwa tena. Ukumbi tunaocheza ulijengwa na Waingereza miaka ya 1950, muongo ule ule Kenya National Theatre ilipofunguliwa Nairobi, mwaka 1952. Kumbi hizi zilijengewa michezo ya London, na hata baada ya uhuru haikuwa rahisi kuzipata: mwaka 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walilazimika kugombania nafasi pale National Theatre ili mchezo wao juu ya Dedan Kimathi uchezwe. Sasa kwa nini sisi turudishe mchezo wa Kiingereza kwenye jukwaa hilo?

Jibu langu ni kwamba melodrama haikuwa burudani ya mabwana. Kwa zaidi ya miaka 100, tangu sheria ya mwaka 1737 hadi ilipofutwa mwaka 1843, kumbi ndogo za London zilikatazwa kucheza tamthilia ya maneno matupu. Haki hiyo ilikuwa ya kumbi kubwa mbili, Drury Lane na Covent Garden. Kumbi za ng'ambo ya mto, kama Surrey na Coburg, zikatia muziki chini ya maneno ili zipite. Waliojaa humo walikuwa mabaharia, wachukuzi na mafundi. Mchezo wa aina hiyo una haki zaidi ya kuingia mjini kwetu kuliko vichekesho vya sebuleni.

20 Julai: Sakafu

Jukwaa lina upana wa mita saba mdomoni na kina cha mita tano. Hakuna nafasi ya kupandisha mandhari juu, kwa hiyo kila kitu lazima kivutwe kando. Upande wa kushoto kuna mlango wa mita moja tu.

Mchwa wamekula mbao za pembe ya nyuma. Tumebadilisha mbao na kupaka dawa. Fundi alishauri tusiguse mbao za katikati, maana ni ngumu bado na zinatoa mlio mzuri mtu akitembea. Ushauri huo umetufaa: hatua za Mathias zinasikika hadi safu ya mwisho.

Gharama: sh. 18,400, mbao, misumari, dawa na ujira wa fundi.

10 Agosti: Tafsiri

Swali la kwanza lilikuwa kama tuhamishie kisa pwani: msafiri awe mfanyabiashara aliyeshuka jahazini, farasi awe punda, theluji iwe mvua ya kusi. Tuliandika onyesho la kwanza kwa njia hiyo na kulisoma kwa sauti. Lilikwenda vizuri hadi tulipofika kwa msafiri. Mara tu alipopewa kabila na ukoo tunaoujua, wasomaji wakaanza kutafuta anayesemwa ni nani hapa mjini. Mchezo ukawa umbeya. Tumerudi Alsace, na majina yote yamebaki: Mathias, Catherine, Annette, Christian, Hans, Walter.

La pili ni msafiri mwenyewe. Jukwaa la Ulaya la karne ya 19 lilizoea kuwachora Wayahudi kwa dhihaka: pua ya bandia, mikono ya kuhesabu pesa, sauti ya kubana. Hatutaki hata chembe ya hayo, na wala hati haiyahitaji. Humo msafiri hafanyi lolote baya. Anaingia, anawatakia amani waliomo, anatua mkanda mezani, anaota moto. Tumempa joho zito, kofia ya manyoya na ndevu, basi.

Salamu yake tumeiandika "Amani iwe juu yenu." Katika onyesho la kwanza hatumwoni akiisema. Inasimuliwa na wazee wanaokunywa mvinyo huku dhoruba ikivuma nje.

31 Agosti: Chandarua

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wengi watakapotaka kunakili.

Mwisho wa sehemu ya kwanza, Mathias yuko peke yake chumbani. Ukuta wa nyuma unayeyuka, na nyuma yake anaona barabara ya theluji, gari la theluji, na msafiri anayegeuka kumtazama. Katika sehemu ya tatu njia ile ile inaleta mahakama ya ndotoni. Lyceum walitumia kitambaa chembamba chenye matundu. Kikimulikwa kutoka mbele kinaonekana kama ukuta. Taa za mbele zikizimwa na za nyuma zikiwashwa, ukuta unatoweka.

Kitambaa maalumu cha kazi hiyo kinaagizwa kutoka nje na bei yake inazidi bajeti yetu yote. Tumetumia nyavu za chandarua zinazouzwa kwa mita, kutoka Biashara Street. Usitumie vyandarua vyenye dawa vinavyogawiwa na serikali. Hivyo ni vya kulalia watoto.

Jaribio la kwanza lilishindikana kabisa, kwa sababu nne:

Rangi. Wavu mweupe unarudisha mwanga mwingi mno. Hata taa za mbele zikizimwa, ulibaki kama ukungu mbele ya macho. Tukautia rangi ya kuchovyea nguo kwenye pipa la maji ya moto. Ulitoka rangi ya majivu, ukaoshwa, ukarudi kuwa mweupe. Wavu huu ni wa polista, na rangi ile ni ya pamba. Dawa tuliyoipata ni rangi ya ukutani ya maji, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, iliyopulizwa kwa bomba la dawa ya mimea. Ukipaka kwa brashi, matundu yanaziba na hakuna kitakachoonekana nyuma. Tulipuliza kijivu kwanza, kisha tukachora mawe ya ukuta kwa kahawia.

Mshono. Wavu una upana wa mita moja na nusu, hivyo lazima uunganishwe. Mishono ya kulala ilionekana kama mistari ya daftari. Tumeifumua na kushona wima, kila mshono ukikaa nyuma ya nguzo ya mbao iliyochorwa. Hapo haionekani.

Mikunjo. Juu umefungwa kwenye bomba la chuma, chini kuna bomba jingine ndani ya pindo. Bomba la plastiki ni jepesi, halivuti vya kutosha. Ukihifadhi, uviringishe kwenye bomba lake; ukiukunja kama shuka mikunjo haitoki.

Pembe ya taa. Hili lilituchukua muda mrefu kuliko yote. Taa kuu za ukumbi zimefungwa mbele kabisa, juu ya safu za watazamaji, na mwanga wake unapiga wavu uso kwa uso, unapenya na kumulika kila kilicho nyuma. Watazamaji wangeona gari la theluji tangu pazia linapofunguliwa. Wavu unataka mwanga wa kuupitia kwa ubavu. Tumezima taa kuu mbili na kusimamisha taa nne pembeni, karibu sana na wavu, zinazoukwaruza kutoka kushoto na kulia. Kisha tukatundika kitambaa cheusi kizito nyuma ya wavu kwenye reli ya pazia. Kinavutwa kwa kamba sekunde chache kabla ya njozi. Reli ilikuwa na kelele, tukaipaka nta ya mshumaa.

Sasa inafanya kazi. Ukuta wa mawe uko, kisha haupo.

Gharama: sh. 9,750, nyavu, mabomba, rangi, reli na ushonaji.

21 Septemba: Tanuri na mkanda

Kwa tanuri la chokaa nilimwendea fundi mzee wa Mji wa Kale ambaye ujanani alichoma chokaa ya matumbawe. Nilimweleza kisa chote. Alisikiliza, kisha akaniuliza, "Aliutia mwili ndani ya tanuri likiwa limeshakolea, au ndiyo kwanza linawashwa?" Nikamwambia lilikuwa linawaka usiku ule. "Basi anajua kazi. Mgeni angengoja asubuhi."

Maneno hayo nimempelekea mwigizaji wetu wa Mathias, na yamebadilisha namna anavyosimama Christian anapolitaja tanuri. Katika sehemu ya pili, Christian anamweleza mkwewe mtarajiwa, kwa nia njema kabisa, kwamba ameitafakari kesi ile ya zamani na anaona mwili ulichomwa kwenye tanuri la chokaa. Hajui anayesema naye. Watazamaji wa pwani hawahitaji kuelezwa tanuri ni nini. Wazee wao walipanga matumbawe juu ya lundo la magogo ya mikoko, wakachoma, wakangoja yapoe na kuchakaa yawe unga. Nyumba za Mombasa, Lamu na Unguja zimepakwa unga huo. Tanuri la Alsace ni jingine, la mawe na lenye mdomo, nasi tumechora la mawe. Fundi mzee alilikubali, ila alitaka wekundu uwe ndani kabisa, usifike ukingoni, kwa sababu ukingo wa tanuri lililokolea ni mweupe.

Chokaa hiyo hiyo ndiyo iliyowamulika waigizaji wa zama zile. Kipande cha chokaa kilichochomwa kwa mwali wa oksijeni na haidrojeni kinatoa mwanga mweupe laini, na Irving aliupenda hata umeme ulipokuja. Taa zetu za LED zinatoa weupe wenye ubluu, nyuso zikawa kama za hospitali. Tumefunika taa kwa selofeni ya manjano hafifu kutoka duka la vifaa vya shule. Kwa LED hakuna tatizo, hazichemki. Kwa balbu za zamani usijaribu, itayeyuka.

Mkanda wa dhahabu unapotua mezani lazima watu wasikie uzito. Sarafu za shilingi zilitoa mlio mwembamba. Tulijaza washa za chuma kutoka kwa fundi wa jua kali, zikalia kama gereji. Tulichotumia mwishowe ni washa zilizochanganywa na mchanga mkavu, ndani ya mfuko wa ngozi mbili. Unatua mzito, halafu ndani yake kunasikika kitu kidogo kinachojipanga.

Mavazi: makoti ya sufu kutoka mitumba ya Kongowea. Bi mshonaji ametoa bitana zote na kuacha kola, mikono na pindo. Kwa mbele ni koti, kwa ndani ni kanzu ya pamba. Bila hivyo hakuna anayemaliza sehemu ya kwanza kwenye joto letu.

Gharama: mavazi sh. 14,200.

12 Oktoba: Njuga

Tuliwaita wageni wachache kutazama sehemu ya kwanza. Njuga zilikuwa za kurekodiwa, zikitoka kwenye spika mbili za jukwaani. Mathias akainua kichwa, njuga zikalia, na nusu ya ukumbi wakaanza kupapasa mifuko kutafuta simu.

Mchezo mzima unasimama kwenye mlio huo. Ukikosea hapo hakuna kingine cha kuokoa. Tulijaribu kuongeza sauti, ikawa ving'ora. Tuliongeza mwangwi, ikawa filamu ya majini. Maalim wetu wa fidla ndiye aliyesema kwamba kitu kilichorekodiwa hakitoki mahali, kipo kila mahali kwa pamoja, na anayekuja lazima atoke mahali.

Tumenunua njuga halisi za shaba na kuzishona kwenye mikanda mitatu ya ngozi: moja ya ndogo, moja ya wastani, moja ya kubwa. Vijana wawili wanazibeba. Wanaanza nje ya ukumbi, nyuma ya watazamaji, kwenye ujia wa choo. Wanatembea kwa mwendo wa farasi anayekokota, si wa kutikisa kwa mkono. Wanazunguka ukuta wa nje upande wa kulia, madirisha yakiwa wazi nusu, na kufika nyuma ya jukwaa njozi inapofunguka. Mtazamaji anazisikia kwanza nyuma ya kisogo chake. Kwenye jaribio la pili watu waligeuka kutazama mlangoni, na hapo nikajua tumefika.

Feni za dari zilikuwa zikimeza mlio wa mwanzo. Sasa zinazimwa dakika nne kabla. Joto linapanda na ukumbi unatulia, na vyote viwili vinatusaidia.

Muziki: fidla, kodiani na dumbaki, wapigaji wa taarabu wenye uzoefu. Shida ilikuwa kwamba wamezoea wimbo ufike mwisho, na melodrama inataka muziki ukatike katikati ya sentensi ya mtu. Tulijaribu kuwaashiria kwa mkono, lakini gizani mkono hauonekani. Tumefunga balbu mbili ndogo mbele yao: kijani ni anza, nyekundu ni kata. Maalim alichagua kumpa Annette kipande kifupi kwa kodiani, na Mathias fidla ya kutetemesha upinde kwenye uzi mmoja. Kila anapofikiria pesa, uzi ule unarudi.

Gharama: njuga na ngozi sh. 3,600. Nauli na chakula cha wanamuziki hadi mwisho, sh. 16,000.

26 Oktoba: Kicheko

Wageni wale wale walicheka pia mahali pasipofaa. Mathias aliposikia jina la msafiri alirudi nyuma hatua tatu, mkono kifuani, macho yamemtoka. Ukumbi ulicheka, na walikuwa na haki.

Watu wengi, hata waigizaji, wanadhani melodrama maana yake ni kuzidisha. Irving hakucheza hivyo. Gordon Craig, aliyekuwa katika kundi lake, ameeleza alivyoingia kutoka kwenye dhoruba, akaketi, akavua mabuti ya theluji na kuanza kuvaa viatu vya ndani huku wenzake wakipiga soga. Anafunga bizimu. Mmoja anataja baridi ya mwaka ule wa yule Myahudi. Vidole vinasimama kwenye bizimu. Mwili mzima umetulia, ni vidole tu vilivyosema. Kisha, taratibu, anainuka.

Tumeijenga upya sehemu hiyo yote juu ya kiatu. Tulitafuta viatu vyenye bizimu halisi, si vya mapambo, ili kazi ya kuvifunga iwe ya kweli. Mwigizaji wetu alijizoeza kufunga akiwa anazungumza mambo mengine, hadi mikono ikazoea. Mwongozaji alimwondolea kila ishara ya hofu na kumwachia moja tu: vidole vinasimama. Baada ya hapo anauliza, kwa sauti ya kawaida, mlikuwa mnasema nini.

Tuliwaita wageni wengine. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja safu ya pili alishika mkono wa jirani yake.

Sheria tuliyojiwekea baada ya hapo: hakuna mtu jukwaani anayeruhusiwa kuuonea mchezo huu aibu. Mwigizaji akimwonyesha mtazamaji kwamba yeye mwenyewe anajua hiki ni kitu cha kizamani, amemwibia mtazamaji jioni yake.

9 Novemba: Theluji, upepo na mvua

Theluji ya chumvi: hewa yetu iliigandisha kabla ya jioni. Theluji ya chengachenga za povu la maboksi: zilinata kwenye wavu na hazikutoka tena, na moja iliingia jichoni mwa Hans. Theluji ya karatasi nyembamba: ilinata kwenye jasho la waigizaji.

Tumeacha kuangusha kitu. Tumechukua debe la mafuta la lita 20, tukalitoboa kwa misumari ya ukubwa mbalimbali, tukaweka balbu ya LED ndani na mhimili wa kuzungushia kwa mkono. Likizungushwa polepole nyuma ya wavu, vidoa vya mwanga vinashuka juu ya barabara na juu ya bega la msafiri. Anayezungusha ahesabu kimoyomoyo, maana akiharakisha theluji inakuwa disko.

Mashine ya upepo ni ya kizamani: pipa la vipande vya mbao linalozungushwa chini ya kitambaa kilichokazwa. Turubai la plastiki lilipiga kelele za mfuko. Kitambaa cha marekani kizito ndicho kinachovuma. Ukizungusha haraka kinapanda, ukipunguza kinashuka, na mzungushaji mzuri anaweza kuukalisha upepo mlangoni.

Kisha ikaja mvua ya vuli. Paa ni la mabati, na mvua ikipiga hakuna njuga, hakuna fidla, hakuna Mathias. Hatuna uwezo wa kufunika paa. Tumeamua hivi: msimamizi wa jukwaa ana ruhusa ya kusimamisha mchezo kwa taa ya bluu, waigizaji wanaganda walipo, wapigaji wanaendelea na kipande cha dhoruba hadi mvua ipungue. Tumelifanyia mazoezi.

Gharama: mashine ya upepo sh. 4,100. Taa za pembeni, selofeni, nyaya na debe sh. 11,300.

23 Novemba: Mazoezi ya mwisho

Leo tulikuwa na watazamaji wengi wa mtaani, wazee wakiwa mbele. Hans alipofika kwenye simulizi, akasema, "Akasimama mlangoni, theluji mabegani, akasema: Amani iwe juu yenu."

Wazee wakaitika. Si mmoja, safu nzima: "Wa alaikumu salaam."

Hans alinyamaza, hakujua aendelee vipi. Halafu akaendelea, na ukumbi ukawa mwingine. Mtu aliyeitikiwa salamu yake tayari ni mgeni wao. Dakika chache baadaye, Mathias alipobaki peke yake na njuga zikaanza nyuma ya visogo vyao, hawakuwa wanatazama kisa cha Alsace tena. Walikuwa wamempokea mtu, na mtu huyo aliuawa akitoka kwao.

Baadaye baadhi yetu walitaka tuongeze kibwagizo cha kuwaalika watazamaji waitike kila usiku. Mwongozaji amekataa, nami nakubaliana naye. Tumemwambia Hans aache pumzi moja baada ya salamu, asitazame watu, na aendelee vyovyote itakavyokuwa.

1 Desemba: Baada ya usiku wa tatu

Tumecheza usiku wa tarehe 28, 29 na 30 Novemba.

Usiku wa kwanza kamba ya kitambaa cheusi ilikwama nusu njia na njozi ikafunguka upande mmoja. Msafiri alionekana, farasi hakuonekana. Sababu ilikuwa fundo lililopandia kwenye reli. Sasa kamba haina fundo, imeshonwa. Usiku wa pili umeme ulikatika katika ngoma ya uchumba, njuga zinaporudi na Mathias anawalazimisha watu wacheze kwa nguvu zaidi ili azizime. Wapigaji hawakuacha, waigizaji hawakuacha, na genereta lilipowaka ngoma ilikuwa bado inazunguka. Mvua ilitusimamisha mara moja, usiku wa tatu, katikati ya mahakama. Taa ya bluu ilifanya kazi. Salamu iliitikiwa usiku wa kwanza na wa tatu. Usiku wa pili, ambao wengi walikuwa wanafunzi, hapakuwa na aliyeitika, ila kulikuwa na ukimya ambao Hans anasema ulimtosha.

Kilichobaki bila dawa ni tukio la mahari. Mathias anahesabu dhahabu ya binti yake, anakuta sarafu iliyotoka kwenye mkanda na kuitenga. Kutoka safu ya tano kurudi nyuma hakuna aliyeona. Tutajaribu sahani ya bati na sarafu moja yenye mlio tofauti.

Hesabu kwa ukamilifu, kwa shilingi za Kenya: sakafu 18,400, wavu na reli 9,750, mavazi 14,200, njuga 3,600, upepo 4,100, taa 11,300, wanamuziki 16,000, kukodi ukumbi kwa mazoezi ya mwisho na maonyesho 45,000, genereta na mafuta 12,000. Jumla 134,350. Tiketi, sh. 500 kwa wakubwa na 200 kwa wanafunzi, zilileta 121,600. Pengo la 12,750 limezibwa kwa mchango wa wanachama. Ukiwa na ukumbi wako mwenyewe, hutakuwa na pengo.

Wavu, debe, mashine ya upepo na mikanda ya njuga viko stoo na vinaazimwa bure kwa kundi lolote la pwani. Wavu utoke na kurudi ukiwa umeviringishwa kwenye bomba lake la chuma, na njuga zipanguswe jasho kabla ya kurudishwa, maana shaba yake imeanza kushika kijani.